Bluu? Mimi?

Eduvigis mwenzangu, bado nacheka peke yangu!

Rozari imeisha tu, Eleuterio, shabiki wa timu ya bluu, akanichokoza mbele ya watu: "Wewe mjane, shabiki wa timu ya njano! Mrushaji anaweza kupewa ushindi wa besiboli bila kumrushia mpigaji hata mpira mmoja? Ukikosa, unavaa kofia yangu ya bluu kwenye maandamano ya Bikira; ukipata, mimi navaa yako ya njano."

Bluu! Mimi!

Nikamjibu, "Anaweza. Anaingia akiwa amebakiza mpinzani mmoja tu wa kutoa ili zamu iishe, anamwona mkimbiaji kazubaa nje ya kituo, anarusha huko, katoka! Wenzake wakifunga zamu inayofuata na kuongoza hadi mwisho, ushindi wake."

"Nani kakufundisha?"

"Injili, kaka. Kesheni!"

Sasa kofia ya njano anavaa yeye. Na ndiye mbeba msalaba!