Kalonda Yule na Kalonda Huyu

Marcelline, muke wa mwanangu,

Sombe, majani ya muhogo, iko mu chungu. Chumvi sijatia, maana unasemaga yangu ni nyingi.

Ulipokuwa mutoni, karani wa muzungu alipita. Anasema bwana yako Hippolyte alilipwa kazini miaka miwili pesa ya kulea mutoto aliyekufa. Tusipoirudisha yote, hatupati ruhusa ya kumufuata Kigoma, kwa Waingereza. Mu kitabu chao Kalonda alikufa. Nikamwambia, “Karani, Kalonda yule wa kwanza alikufa, huyu akazaliwa nyuma yake, tukamupa jina ya kaka yake isipotee. Sasa nani anamaliza uji wangu hapa?” Akacheka: “Mama, kitabu hakioni uji.” Iliniuma.

~~Nangoja urudi, uende wewe.~~ Hapana, naenda mimi kwa muzungu, wewe utalia mbele yao. Nimebeba kadi zote mbili za ubatizo. Padri aliandika tarehe vizuri. Na Kalonda mwenyewe iko mu mugongo wangu. Wamuguse, wamusikie akililia ndizi.

Endelea kufunga mizigo, lori ni Alhamisi. Blanketi ya Kalonda yule usiiache. Huyu atajifunika nayo njiani.

Mama mukwe wako,
bibi wa Kalonda wote wawili