Mkalimani Nyuma ya Hema

Gesima,
S.L.P. 27,
Kisii.
14 Julai 1968.

Mpendwa dada Orpah,

Pokea salamu kutoka huku milimani, ambako mvua imekataa kupumzika na matope yamefika hadi mlango wa kanisa. U hali gani? Miguu yako je, bado inavimba kwa joto la Voi? Shemeji Eliakim hajambo, au reli ingali inamtoa kitandani kabla ya jogoo? Sisi ni wazima. Bosibori mke wangu anakohoa kidogo, lakini kikohozi hakijamzuia kunisema. Mama yetu ana afya kuliko sisi sote, ila amekasirika, na sababu yake utaiona huko mbele.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa macho yako yamechoka, na wanao waliozaliwa huko hawajui Ekegusii. Nadhani msomaji ni Anyiko. Anyiko, mpwa wangu, soma polepole na usimeze maneno.

Chai tumechuma vizuri mwezi huu. Ndizi zimeangushwa na upepo, karibu migomba kumi. Lakini najua hukungoja barua yangu ili usikie habari za migomba. Unataka kujua kama mwanangu Ratemo amekwenda jeshini au hakwenda.

Unakumbuka kwamba alifanya mtihani wake wa darasa la saba mwaka juzi, akafaulu, lakini nafasi ya sekondari hakupata. Tangu hapo amekuwa akichuma chai na mimi, na jioni anapiga gwaride peke yake nyuma ya zizi la ng'ombe, jembe begani. Ng'ombe wamezoea. Basi mwezi uliopita chifu akatangaza kwamba jeshi linatafuta vijana wa kufundishwa: miaka miwili ya gwaride, hesabu na ufundi wa mitambo, na wakimaliza wawe askari kamili. Mwisho ni miaka kumi na saba. Ratemo atatimiza kumi na minane Februari, kwa hiyo ilikuwa ni sasa au basi tena.

Bosibori alikataa. Alisema hakuzaa mtoto ili serikali imkimbize kwenye baridi. Mimi nilisimama upande wa kijana. Nilisema maneno makubwa juu ya nidhamu na taifa changa, nikayasema nyumbani, nikayarudia kanisani baada ya ibada, na tena sokoni Nyaramba kwa watu waliokuja kununua chumvi tu. Unanijua. Nikianza hotuba huwa sioni pa kuteremkia.

Siku ya kuchaguliwa ilikuwa Jumatano, katika uwanja wa Nyamira. Kutoka upande wetu walikwenda vijana kumi na wawili. Karibu wote ni waimbaji wa kwaya yetu ya Kisabato, isipokuwa Ishmael, mtoto wa Nyangau fundi baiskeli. Huyo kanisa analijua kwa nje, na vilabu vya busaa anavijua kwa ndani. Niliwasindikiza kama mwalimu wao. Walikimbia, wakaruka, wakapimwa urefu, na wote walivuka. Kilichobaki kilikuwa hema la daktari.

Daktari alikuwa Mzungu mgeni, hana hata neno la Kiswahili. Mkalimani wake, Koplo Obura, ni mtu wa kwenu kando ya ziwa, shemeji atafurahi kusikia. Lakini koplo alikuwa amezongwa na vijana zaidi ya mia tatu uwanjani waliokuwa wakisukumana. Akauliza kwa sauti kama yuko mtu ajuaye Kiingereza. Dada, mkono wangu ulipanda wenyewe kabla sijauuliza.

Sasa wanao wa Voi waelezwe jambo moja. Sisi tuna chinsoni, yaani haya na heshima kati ya mzazi na mtoto. Baba hamwoni mwanawe akiwa uchi, wala hatamki mbele yake mambo ya mwili. Na baba si yule aliyekuzaa tu, bali kila mwanamume wa rika la baba yako katika ukoo. Kwa hesabu hiyo, vijana wote kumi na wawili ni wanangu. Na ndani ya hema walikuwa wanavua nguo zote.

Nililiona tatizo hilo mapema, nikajiona mwerevu. Nilichukua kigoda nikakaa nje, mgongo umeelekea turubai, macho kwenye mikaratusi. Daktari akauliza kwa ndani, mimi nikatafsiri kwa nje, kijana akajibu, nami nikarudisha. Tuliulizana habari za vifua na masikio, kazi ikaenda vizuri kabisa.

Anyiko, hapa mpe baba yako barua asome yeye. Utarudishiwa.

Shemeji, daktari akaja kwenye swali la ule ugonjwa ambao wanaume huupata kwa kutembea ovyo. Akataka kujua kama kijana amewahi kuugua. Ningewezaje kulitamka hilo kwa mwanangu, mchana kweupe, hata kama turubai liko katikati? Nikatafuta neno la heshima lililo jirani. Nikamwuliza kwa Ekegusii kama amewahi kuumwa na tumbo. Nilijiambia kwamba ugonjwa ni ugonjwa, na tumbo haliko mbali.

Wa kwanza alikuwa Ratemo wetu. Akajibu bila kusita, "Eee, tata," yaani baba, "mara nyingi." Mimi ni mzee wa kanisa, jibu la mtu siwezi kulipotosha. Nikalirudisha kwa Kiingereza kama lilivyo. Daktari akauliza huupata lini. Ratemo akasema kila mwaka, wakati wa mahindi mabichi. Daktari akauliza aliupata kwa nani. Ratemo akasema, "Kwa nyanya."

Nikatafsiri.

Daktari akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama huyo nyanya bado yu hai. Nikamjibu mwenyewe kwamba yu hai, ana miaka sabini na mmoja, na hupenda sana vijana wamtembelee. Akauliza kama alitibiwa. Ratemo akasema mama alimchemshia majani. Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi kwa nguvu.

Akaingia Nyangate, kiongozi wa sauti ya nne katika kwaya. Naye ameugua. Kwa nani? Kwa nyanya huyohuyo, maana Mama hulisha watoto wa mtaa mzima. Walikwenda pamoja na Ratemo.

Wote waliugua, shemeji, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao nyumbani kwa mama mkwe wako. Kila aliyetoka alikuwa na msalaba wa chaki mkononi, maana yake amekataliwa. Wa kumi na mbili alikuwa Ishmael. Huyo ana tumbo la mbuzi, anaweza kula msumari. Akasema hajawahi kuugua, hata siku moja. Nilimsikia daktari akiinuka kitini, na Ishmael akaniambia baadaye kwamba alipewa mkono.

Mrudishie Anyiko barua, shemeji. Asante.

Koplo Obura alikuja akikimbia. "Mwalimu, hii vijana yako iko na nini? Daktari anasema yeye hajaona kijiji namna hii, hata kule vita alikuwa." Vijana walikuwa wamekaa kwenye majani na misalaba yao, hawajui kosa lao. Ishmael peke yake alikuwa amesimama upande wa waliochukuliwa, ameweka mikono nyuma kama mchungaji.

Basi nikainuka. Nikajifunika uso kwa kofia nisije nikaona lisilofaa, nikaingia hemani nikipapasa, nikagonga meza. Nikamwambia daktari kila kitu: swali lake nililibadilisha, na wale ni wagonjwa wa mahindi mabichi. Ilinibidi nimweleze chinsoni kwa Kiingereza, jambo ambalo silitakii mwalimu yeyote. Mwanzo alikasirika hadi meza ikatikisika. Aliniuliza ni mtu gani anayeweza kuwatupa vijana kumi na mmoja kwa sababu ya haya. Halafu akamkumbuka nyanya wa miaka sabini na mmoja, akaanza kucheka, akacheka mpaka koplo akaja na maji.

Nilifukuzwa hadi mwisho wa uwanja, ng'ambo ya mikaratusi, na koplo akauliza upya kwa Kiswahili. Yeye si baba yao, anaweza kuuliza chochote. Nilisikia "hapana" kumi na moja, za nguvu, kwa sauti zote nne za kwaya. Ishmael alipoulizwa upya alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Nafasi za upande wetu zilikuwa chache, wakachukuliwa wanne tu kati ya wale kumi na wawili, na Ratemo ni mmoja wao. Waliondoka Alhamisi kwa lori la jeshi. Bosibori alimfungia mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa, mbele ya watu wote, bila haya.

Mama alipata habari kabla sijafika nyumbani. Amesema hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa chakula chake, na kwamba huyo daktari aje ale, ndipo aandike. Mimi amenikata chakula. Nikipita kwake ananiuliza kama tumbo langu ni zima. Sokoni wamenipa jina jipya, na sitaliandika hapa kwa sababu Anyiko anasoma.

Dada, haya yote wameyasikia watu wote, wamecheka na mimi nimecheka nao. Lakini kuna moja ambalo hata Bosibori hajui, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sikuchelewa kuelewa. Daktari alipouliza kama nyanya yu hai, nilikwisha jua nimefanya nini. Ratemo alikuwa hajatoka hata hemani. Ningeweza kusema palepale. Nilikaa kwenye kile kigoda, nikaendelea na lile swali langu la tumbo, kijana baada ya kijana, kumi na mmoja, huku nikijua. Nilikuwa nawaza kwamba Ratemo akikataliwa atarudi nami jioni. Kesho tutachuma chai. Mimi nitamlaumu daktari, Bosibori atafurahi, na hakuna atakayejua kwamba yule msema taifa changa hakutaka mwanawe aondoke. Watoto wa watu wengine sikuwafikiria kabisa. Nakuambia wewe kwa sababu ulinilea, na aibu yangu unaijua tangu nikiwa mdogo.

Ratemo alikuja akaketi karibu na kigoda changu, amevaa shati, ule msalaba wa chaki akiufunika kwa kiganja. Hakulia. Alisema, "Tata, ningesema sijawahi kuumwa, wangenichukua. Lakini ulitufundisha tuseme kweli." Kisha akawa anawatazama wale waliokuwa wakipanga mstari.

Ndipo nikainuka. Kwa hiyo mtu akikusimulia kwamba nduguyo alikuwa jasiri, akajifunika kofia akaingia hemani kuwaokoa vijana, usimkatalie, lakini wewe ujue. Nimekwenda mara tatu nyuma ya zizi jioni. Jembe limeegemezwa pale alipoliacha, na sijaweza kulitoa.

Bosibori asiambiwe. Anadhani nilitaka aende, naye amenisamehe kwa hilo.

Nisalimie shemeji Eliakim, umwambie Koplo Obura ni mtu mzuri. Nisalimie mwanao Adoyo, na mdogo wake, na Anyiko aliyesoma hadi hapa bila kuruka. Mama anakusalimu na kusema uje ule kwake. Mungu awalinde wote mlio mbali na macho yetu, nanyi mlalapo mumtajie jina la Ratemo, maana mimi nikilitaja sauti haitoki vizuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Abner