Teke Nililompiga Zaina

Jumamosi, jioni. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye mashuka.

Leo nimeshinda, na sijawahi kujisikia vibaya namna hii.

Kwenye ukumbi wetu hapa Utemini tunajifunza ngumi na mateke, na wanawake tuko wachache. Zaina ndiye ninayefanya naye mazoezi tangu nianze. Juzi aliniambia goti lake la kushoto linamuuma kwa ndani, akanisihi nisimwambie kocha, maana kocha alikuwa anatafuta mmoja wetu wa kwenda kwenye mashindano Dodoma. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Asubuhi kocha akatupambanisha. Zaina ananizidi, hilo nalijua. Anapenda kuingia karibu kabisa, kichwa kifuani kwako, ngumi za tumbo zinakuja mfululizo, huna hata nafasi ya kunyoosha mkono. Wenzetu wakaanza kumshangilia. Kocha akaniambia kwa sauti, "Yuko karibu, piga teke la chini."

Alimaanisha paja. Ndivyo anavyotufundisha: mtu akikubana, usihangaike kuinua mguu juu, mpige pajani, mguu ufe ganzi, atarudi nyuma mwenyewe. Goti haliguswi.

Nililiona paja lake. Lilikuwa wazi.

Nikampiga goti la kushoto.

Zaina alikaa chini taratibu, kama mtu anayekaa mkekani. Hakulia. Kocha alipomuuliza, alijibu, "Nimeteleza mwenyewe." Akanitazama mara moja tu. Kocha akanishika mkono akaunyanyua, akasema Dodoma ni mimi. Watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu.

Hilo la kutabasamu ndilo linalonichoma zaidi.

Mchana nimekwenda kwao Mwankoko. Zaina ni fundi nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Nimemkuta ameufunga mguu kwa kipande cha kitenge, anakanyaga kwa mguu mmoja, sare za shule zimerundikana kitandani zinamsubiri. Nikamwamkia mama yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Afadhali umekuja. Mwenzako ameanguka huko mazoezini." Akaniletea chai.

Alipotoka, Zaina akaniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Ulikosea, au ulilenga?"

Ningesema nilikosea angeniamini. Au angejifanya ameniamini, na tungeendelea hivyo hivyo.

"Nililenga," nikasema.

Akakata uzi kwa meno.

"Basi kunywa chai yako," akasema. "Sitaki mama ajue tumegombana."

Nimeinywa yote, ya moto vile vile, huku yeye amenipa mgongo.

Njiani nimewaza kumweleza kocha kila kitu. Lakini nikisema kila kitu nitakuwa nimetoa na siri ya goti lake, nimuumize tena mara ya pili kwa jina la ukweli. Kwa hiyo Jumatatu nitasema langu tu: kwamba niliona paja nikampiga gotini kwa makusudi, na kwamba Dodoma siendi.

Kisha nitarudi Mwankoko. Kama atanifungulia mlango, nitakaa kwenye ile cherehani nimkanyagie mpaka sare ziishe.