Betri Zisishuke Mjini

Jumanne, 8 Aprili 1980

Fundi wa umeme amefika hapa zahanati, kwenye lori lililokuja kuchukua kabichi. Anaitwa Mwinshehe, mtu wa Morogoro mjini. Kaleta betri, chaja na sanduku la chuma analoliita inveta — linageuza umeme wa betri uwashe balbu za kawaida. Chaja itapata umeme kwenye dainamo ya mashine ya kusaga. Siku akina mama wakisaga mahindi, betri zinajaa. Maneno matamu. Tutaona.

Mwaka juzi tuliletewa fundi wa pampu. Naye alikuwa na maneno. Akasema pampu lazima ishuke mjini ikatengenezwe. Mpaka leo zahanati inateka maji mtoni.

Lakini taa naitaka! Mafuta ya taa hayapatikani tangu vita. Wifi yangu Magdalena ana mimba ya mwezi wa mwisho. Ile ya kwanza nilimzalisha kwa tochi iliyokuwa inakufa, damu ikitoka nisione inatokea wapi. Mtoto hatukumpata. Sitaki tena kuzalisha kwa kupapasa.

Betri moja ina mkwaruzo. Nimemwuliza fundi kama ni mpya kweli. Akasema barabara ya Mgeta ndiyo imeikwaruza. Hm.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeshinda dirishani nikimchungulia. Kajifungia stoo na betri zake. Nje ya ukuta kapigilia fimbo ya shaba ardhini, akaimwagia maji kama mtu anayepanda mgomba. Eti inveta ikiwa na hitilafu, umeme uende ardhini, usimpitie mgonjwa. Kisha kagusanisha nyaya makusudi, fyuzi ikakatika, akatabasamu. Kuunguza kitu kizima na kufurahi! Anasema ndiyo kupima usalama.

Mama mkwe akaja na kipande cha mshumaa wa mkesha wa Pasaka, abariki chumba. Fundi akamwamkia vizuri, shikamoo mama, halafu akamzuia mlangoni. Mshumaa ubaki nje, betri zikijazwa zinatoa hewa inayoshika moto. Mama aligeuka na mshumaa wake, uso umemshuka. Mimi nikabaki najiuliza: mtu anayekataa mwanga usiingie chumbani, ana nini cha kuficha?

Alhamisi, 10 Aprili

Injini imenguruma na balbu ya chumba cha kujifungulia imewaka. Nimefurahi mpaka nikajichukia. Nimeona mkasi, nyuzi, vidole vyangu, kila kitu. Magdalena kapanda kitandani kujaribu tu, akacheka.

Fundi kanikabidhi ufunguo wa stoo na chupa iliyofungwa gazeti: maji ya betri. Yakipungua niongeze hayo tu, si ya mtoni. Maji yenye chumvi hasa ndiyo mabaya, yanaua betri na kutoa hewa ya sumu. Kwa nini gazeti? Nimeyanusa. Hayana harufu yoyote, na hilo nalo sijalipenda.

Ufunguo nimeutundika nyumbani kwenye msumari. Fundi analala kwa mwenyekiti, anangoja lori. Mtu aliyemaliza kazi yake anangoja nini, wakati wengine wanashuka kwa miguu?

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya kusaga. Injini haijanguruma sana, stoo ikaanza kutoa harufu kali, ile ya dawa ya kusafishia maji ya visima. Koo likatuwasha. Fundi alikuja mbio, akatutoa wote nje, akafungua madirisha, akazima kila kitu. Kazima mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya macho yangu. Akapima asidi kwa kibomba chake cha kioo. Halafu akasema kuna mtu katia kitu humu ndani. Asiwashe yeyote. Betri lazima zishuke mjini.

Zishuke mjini!

Nimekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, mzee Gabrieli. Nimesema yote: mkwaruzo, fyuzi, mshumaa, chupa. Nimesema katia kitu mwenyewe ili apate kuzichukua. Mwenyekiti kaita mgambo. Fundi kawekwa ofisi ya chama, na mkoba wake umeshikwa. Kesho baada ya misa kamati inakaa, na lori likija atashushwa polisi.

Aliponipita hakunitukana. Aliuliza tu, Nesi, nani mwingine anapata ufunguo? Ujanja wa mjini.

Jumapili, 13 Aprili

Misa imekwisha. Naandika haraka.

Magdalena kaanza uchungu tangu asubuhi, mdogo mdogo. Nimeingia chumbani kwa mama mkwe kutafuta kanga safi. Nikaiona chupa yake ya maji ya Pasaka, ile anayoijaza kanisani usiku wa mkesha ikamfikisha mpaka Pasaka nyingine. Tupu. Wiki moja tu!

Nikamwuliza. Akanijibu huku anachambua mchicha, wala hakuacha kuchambua. "Nimeyapeleka kwenye betri, Mama Athanas. Yule kakataa mshumaa, nikasema basi, maji hayashiki moto. Juzi nikachukua ufunguo. Nimegawa kila tundu sawasawa, na Salamu Maria kwa kila tundu. Mwanangu asijifungue tena gizani."

Padre huyatia chumvi anapoyabariki. Hakuna asiyejua hapa. Hata hivyo nimelamba mdomo wa chupa. Chumvi.

Mgambo amekuja. Mwenyekiti anasema mimi ndiye wa kwanza kusema. Nikisema, mama mkwe ataitwa mharibifu wa mali ya umma, na umri wake ule. Nisiposema, Mwinshehe anashuka na pingu. Na fundi gani mwingine atakubali kupanda huku? Magdalena anaguna chumba cha pili na tochi haina mawe.

Chupa nimeificha chini ya godoro langu. Mkono ulifanya kabla sijaamua.

Lori linapiga honi kule chini. Mama mkwe ameshajifunga kanga zake za kutokea, naye anakuja. Anataka kamati isikie jinsi yule mtu alivyoukataa mshumaa. Yuko mlangoni ananiita, anauliza mbona nachelewa.