Hawa Askari Nani Anawalisha?

Nyumbani,
chumba cha mbele, mezani kwa cherehani.
Jumapili, tarehe 4.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo? Mgongo umetulia, au bado unalala sakafuni kama gunia? Shemeji na mtoto hawajambo? Niandikie habari zenu zote, hata zile ndogo ndogo unazodhani hazina maana.

Mimi ni mzima, ila macho yameanza kunigomea. Kutia uzi kwenye tundu la sindano siku hizi ni shughuli pevu. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Nashona sare za wauguzi, na chumba kizima kimejaa vitambaa vya bluu mpaka juu ya kitanda.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Kwenye simu siwezi. Nyumba hii unaijua, mtu akipiga chafya jikoni anaambiwa afya akiwa bado hajafuta pua, na haya sitaki Mama ayasikie. Sasa hivi amesinzia.

Mzigo wako ulifika salama. Gemu ilikuwa nzima, na ile pedi ya kuchezea pia. Mama alikaa na lile boksi mapajani jioni nzima bila kulifungua. Alikuwa anasoma maandishi ya nyuma, anavua miwani, anaifuta, anasoma tena. Miaka yote hiyo waliyokaa kimya hao watengenezaji wa gemu yenu ya zamani, yeye alikuwa akiniambia, "Watatoa nyingine. Watu wanaojua kutengeneza kitu kama Himaya za Mto hawawezi kuacha hivi hivi."

Kesho yake alimwita Kinyozi, yule jirani wa mlango wa pili. Unajua naye ni mgonjwa wa gemu hiyo, tangu enzi zile mnacheza wote watatu na mimi nawafukuza mkale. Alifunga kibanda chake mapema akaja na kiti chake mwenyewe. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Kaka, alijipaka hata mafuta ya nywele.

Basi tukawasha. Mimi si mjuzi, lakini hata mimi nilishtuka. Nilizoea kuona ile ramani, mito, mashamba, vijiji, na Mama ametulia na shavu mkononi akiwaza ahamishe wapi askari wake. Safari hii likatokea jitu moja lenye kifua kama kabati, limeshika mapanga mawili, linapiga kelele. Ramani hakuna. Mto hakuna. Ni kukimbia, kuruka na kukata watu vichwa.

Mama akauliza, "Ghala liko wapi?"

Kinyozi akasema, "Subiri, Mama. Labda ni utangulizi tu."

Wakasubiri. Jitu likaruka ukuta, likaua kundi zima, likaruka ukuta mwingine. Nyuma yake wakawa wanakimbia askari wengi, hawana kazi yoyote ila kushangilia.

"Na hawa askari nani anawalisha?" Mama akauliza tena.

Nilicheka, Kaka. Nilidhani anatania. Lakini wewe unajua alikaa karibu maisha yake yote akisimamia jiko la hospitali, na ndivyo alivyokuwa akitushinda sote kwenye gemu. Wewe ulikuwa unakimbilia kujenga majeshi, yeye anajaza maghala, halafu anakuzingira na kungoja mpaka watu wako wanakimbia kwa njaa. Kwake mtu anayepigana bila kula ni upuuzi.

Kinyozi alipompa Mama pedi, mambo ndiyo yakaharibika. Sijui kama nimewahi kukueleza vizuri jinsi mikono yake inavyotetemeka sasa. Kikombe namjazia nusu tu. Kwenye gemu ya zamani haikuwa shida. Angeweza kuchukua asubuhi nzima kusogeza kikosi kimoja, na hakuna aliyemharakisha. Hii mpya haimsubiri mtu. Alibonyeza, jitu likatumbukia shimoni. Akabonyeza tena, likatumbukia. Mwanzoni alikuwa anacheka na kulitukana. Halafu akawa anajaribu tu, meno ameyauma, na mimi nikawa natamani umeme ukatike.

Mwishowe aliiweka pedi chini taratibu. "Huyu anakufa kwa sababu ya mikono yangu," alisema. Akainuka, akaenda kuvua gauni.

Kinyozi alikasirika sana. Alisema walichofanya hao watengenezaji ni kuchukua jina la marehemu na kumvisha mlevi. Nilimwomba apunguze sauti.

Nilidhani ndiyo mwisho, atarudi kwenye gemu yake ya zamani na vita vyenu vya mtandaoni vitaendelea kama kawaida. Kumbe hapana. Hao watu wamezima mitambo iliyokuwa ikiwaunganisha wachezaji wa zamani, ili wote wahamie kwenye hii ya mapanga. Kwako huenda tangazo lilikuja, kwetu halikuja. Mama alifungua asubuhi, akakuta jina lako limefifia na vita vyenu havifunguki tena. Ndiyo sababu hajibu mashambulizi yako, Kaka. Hayamfikii.

Nimemweleza. Kinyozi amemweleza. Anaitikia kwa kichwa, halafu baada ya kitambo ananiuliza tena, "Au kanichoka?"

Sitaki kufukua ya msiba wa Baba na maneno mliyorushiana wewe na Mama pale mlangoni. Nasema tu ninachokijua. Tangu siku ile simu zenu ni "hujambo, sijambo," kisha mnanipa mimi. Lakini kwenye ile gemu mlikuwa mnaongea. Nilimwona akiipa miji yake majina, Umekula, Vaa Sweta, Mtoto Kapona, akijua kwamba utaiona ukija kuishambulia. Na siku ulipouita mji wako Samahani, hakuugusa. Aliuzunguka na jeshi lake lote, akaupita. Siku hiyo alipika yeye.

Tumejaribu kutafuta dawa. Nilimchorea ramani kwenye karatasi yangu kubwa ya kukatia mitindo, vifungo vyeupe vikawa askari wake, vyeusi vya Kinyozi. Walicheza kidogo. Kisha Mama akakusanya vifungo vyote, akavirudisha kwenye kopo langu kimoja kimoja, mikono ikimchezacheza. "Unaniachia nishinde," alimwambia Kinyozi. "Mwanangu hajawahi kuniachia."

Sasa haketi tena pale mezani. Ameniambia kompyuta niitoe, nipate nafasi ya kukatia vitambaa. Sijaitoa, nimeifunika tu kwa shuka. Chakula anakionja. Yule mama wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akimsifu kwamba kile kipanya kinamsaidia vidole, alikuja juzi akamkuta amekaa kitandani anaangalia ukuta. Alipotoka aliniita pembeni akasema nisimwache akae hivyo. Nifanye nini sasa, Kaka? Nimfurahishe kwa kitu gani? Mimi najua kushona tu.

Usitume gemu nyingine. Nakuomba sana. Na usije ukamwambia kwamba hii ilikuwa mbaya na utatafuta bora, maana tayari anajilaumu kwamba umetuma zawadi ikamshinda. Asubuhi nilimpa simu akupigie. Aliishika, ikawa inamgongagonga kwenye hereni. Akaniuliza, "Nitamwambia nini?" Akanirudishia. Mlibaki na vita tu, na sasa hata vita hamna.

Nisalimie Shemeji, mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata. Mbusu mtoto, hata akikimbia. Mjomba anakusalimu na kulalamika kama kawaida yake. Kinyozi anasema nywele zako huko wanaziharibu. Mungu akufunike huko uliko, akulinde na baridi na upweke, na akupe maneno siku utakayoyahitaji.

Mama ameamka. Nimemuuliza kama ana salamu, nikamwambia nakuandikia. Amejiinua, akaketi kitandani. Kisha akasema, "Mwambie tu nipo."

Mama yupo, Kaka.

Wako akupendaye,
Mdogo wako