Mafuta Niliyomsingizia Bibi Yako

Mpendwa Neema,

Shikamoo yako imefika Kibosho, marahaba. Sote wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kwa nini nameza dawa ya kolesteroli ilhali sili mafuta.

Miaka ya tisini niliacha nyama miezi mitatu, lakini kipimo cha kolesteroli kilishuka kidogo tu. Nikamkaripia bibi yako: "Unanitilia mafuta kwenye mtori wangu wa ndizi!" Alilia.

Nilipomweleza hayo, daktari wa Moshi alicheka. "Mzee, ini hutengeneza kolesteroli lenyewe. Ukiipunguza kwenye chakula, kimeng'enya cha ini huongeza kazi. Dawa hii itakizuia."

Niliona aibu njia nzima. Nikamwomba bibi yako radhi mbele ya watoto.

"Nimekusamehe," alisema. "Kesho utapika wewe."

Nikapika. Chakula kiliungua, tukakila tukicheka.

Babu yako