Kikompyuta cha Kumfungisha Ouma Duka

Jumatatu, 3 Machi
Wifi imekataa tena. Nimeiwasha, nimeizima, nimeitukana. Kikompyuta chenyewe ni ubao mmoja tu, mkubwa kama kipande cha sabuni, lakini kina kiburi cha gavana. Niliuza simu yangu nzuri nikakinunua kwa Mhindi wa vifaa vya stima mjini. Sijuti. Ouma lazima alie.

Ouma alikuwa bosi wangu. Ana duka barabara ya kwenda ziwani, anawapakia watu sinema na nyimbo kwenye simu. Kazi nilifanya mimi, sifa akala yeye. Juzi mashine yake ilikufa, akanifukuza mbele ya wateja. "Odhis, wewe ni wa kufagia. Form two ilikushinda, kompyuta utaiweza?" Watu wakacheka. Kila aliyecheka nimemweka kichwani.

Sasa sinema zitatoka kwangu. Bure. Tuone atampakia nani.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe! Wifi haiamki mpaka uiambie uko nchi gani. Nikaandika Kenya. Ikaamka papo hapo. Ina uzalendo kuliko Ouma.

Nimeipa jina OUMA KWISHA. Kila simu itakayotafuta wifi hapa bichi, ufuoni, itasoma hivyo.

Mama Atis, wa kibanda cha samaki, amekubali nikiweke kikompyuta kwake. Wateja wakikuja kuchukua sinema, watanunua samaki, na mimi nitakula hapo kila siku. Wasipokuja, narudi kuanika dagaa wa omena na shangazi. Siwezi. Ouma atapita pale aone magunia kichwani kwangu? Heri nife.

Alhamisi, 6 Machi
Joto. Kibanda ni mabati matupu. Nimegusa ubao, kidole kimeungua. Ukipata moto unajipunguzia mbio, sinema inakwamakwama.

Nikaenda soko la Kibuye. Nimepata bati la alumini lenye meno ya kutoa joto, kutoka kwa redio mbovu, na feni ndogo yenye taa ya buluu. Nimefunga mwenyewe. Sasa umepoa kama mtungi. Na unakula stima kidogo sana, betri ya sola ya Mama Atis haisikii kitu.

Mimi ni mkali. Niseme tu ukweli.

Jumamosi, 8 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Jioni watu walijaa. Wengine nawajua, ni wateja wa Ouma kabisa. Wakaanza kuvuta sinema. Halafu wadudu wa ziwa wakaja, wingu zima, kama moshi. Wanapenda taa. Na taa iliyowaka zaidi pale ni ya feni yangu. Feni ikawavuta ndani, ikajaa, ikanyamaza. Ubao ukapata moto, ukazima. Sinema zote zikakatikia katikati.

Nimezaliwa hapa. Wadudu hao nimewameza tangu utotoni. Na nikawawashia taa.

Ouma alikuja makusudi, kijiti cha meno mdomoni. "Odhis, hiyo ni kompyuta ama ni mtego wa wadudu?" Wakacheka wale wale. Hata Mama Atis. Hiyo ndiyo imeuma. Kisha Mama Atis akasema kesho ikikataa nitoe vyuma vyangu, aweke ndizi.

Nawachukia wote. Ouma zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Nimesugua feni kwa mswaki wangu. Taa nimeifunika kwa tepu nyeusi.

Mama Atis alipotoka kanisani nikamwomba soksi yake ile nyepesi. "Wewe mtoto una shetani?" Nikaeleza. Akavua huku akinilaani. Nimeivuta juu ya feni. Hewa inapita, mdudu hapiti.

Jioni wakaja tena, wingu lile lile. Wakaenda kwa balbu ya jirani. Ubao haukuzima hata kidogo. Samaki waliisha mapema. Mama Atis amenipa kichwa cha samaki mbuta, kizima.

Alhamisi, 20 Machi
Duka la Ouma linafunguliwa mlango nusu siku hizi.

Leo alikuja. Alikaa nyuma kabisa, akanipa mgongo, akanunua ngege mdogo. 

Ubao unanionyesha simu zilizoingia, kwenye kisimu changu cha zamani. Nikaona moja, jina lake "Simu ya Ouma". Anavuta sinema kutoka kwangu. Kitufe kimoja tu na ninamtupa nje. Hii ndiyo nilikuwa naiomba. Kidole kiko juu yake.

Sikumtupa. Nimempunguzia mbio, basi. Duara la kungoja kwenye simu yake linazunguka, linazunguka.

Mama Atis ameniuliza kama nakula sasa. Nimesema bado.

Samaki wa Ouma amepoa, hajamgusa. Ameshika simu kwa mikono miwili, anangoja.